Nampeleka Mama (miaka 71) kuona maua ya sakura Tokyo: naomba ushauri kuhusu tarehe na idadi ya miji

Mwana wa Umoja (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni kwa miaka mingi, na ambalo sasa, Mungu akipenda, nina uwezo wa kulitimiza.

Mama yangu ana umri wa miaka 71 na alikuwa mwalimu katika shule ya upili ya harambee kule Murang'a. Katika miaka ya themanini alifundisha pamoja na kijana wa kujitolea kutoka Japani aliyekuwa akisomesha sayansi. Kijana yule aliporudi kwao alimwandikia Mama barua, na ndani ya bahasha akatia ua moja la sakura lililobanwa kitabuni mpaka likakauka. Barua hiyo iko ndani ya Biblia yake hadi leo. Ua limegeuka rangi ya chai ya rangi na limekuwa jepesi kiasi kwamba haturuhusiwi kulipumulia, lakini tangu nikiwa mtoto nimemsikia akisema kwamba angependa siku moja kuyaona maua hayo yakiwa mtini.

Nimeweka akiba katika sako yetu kwa miaka minne. Wakala mmoja wa usafiri hapa Nairobi amenipa ratiba ya tarehe 20 hadi 27 Machi mwakani, yenye Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima, na anataka malipo ya kwanza kabla ya wiki hii kwisha. Ameniambia kwamba tarehe hizo ndizo "wiki ya sakura". Maswali yangu ni mawili: je, tarehe hizo ni salama? Na je, miji minne kwa siku nane inafaa kwa mtu mwenye magoti yanayomuuma?

Binti South B

Kaka, tafadhali usilipe bado. Nakuandikia haya kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe.

Mwaka 2024 nilikwenda Tokyo kuanzia tarehe 18 hadi 27 Machi. Nami niliambiwa kwamba hiyo ndiyo wiki yenyewe, kwa kuwa mwaka uliotangulia, 2023, maua ya Tokyo yalitangazwa kuwa yamechanua tarehe 14 Machi na kufikia kilele tarehe 22. Aliyenipangia safari aliichukua kalenda ya mwaka uliopita akaigeuza kuwa ahadi ya mwaka uliofuata. Nilifika nikakuta matumba. Kila asubuhi nilikwenda kusimama kando ya mfereji wa Chidorigafuchi, karibu na kasri la mfalme, nikiyatazama matumba yale yakinenepa kidogo na kuonyesha ncha za waridi, bila kufunguka. Nilipanda ndege ya kurudi tarehe 27. Maua yalitangazwa kuchanua tarehe 29, na kilele kikawa tarehe 4 Aprili. Nilikuwa nimeketi kwenye matatu katika Barabara ya Mombasa nilipoziona picha, na sikuweza kuzuia machozi.

Nimelisoma sana jambo hili tangu siku ile. Idara ya hali ya hewa ya Japani ina mti mmoja wa kielelezo ndani ya hekalu la Yasukuni. Maofisa huutazama mti huo kila siku, na maua matano au sita yanapofunguka ndipo kuchanua kwa Tokyo hutangazwa. Asilimia 80 ya maua yakifunguka huitwa kilele, ambacho Wajapani hukiita mankai. Wastani wa miaka 30 kuanzia 1991 hadi 2020 unaonyesha kuchanua tarehe 24 Machi na kilele tarehe 31 Machi. Hata hivyo, wastani huficha mengi. Mwaka 2021 maua yalichanua tarehe 14 Machi, mwaka 2022 tarehe 20, mwaka 2023 tarehe 14 tena, mwaka 2024 tarehe 29, na mwaka 2025 tarehe 24. Hizo ni tofauti za siku 15. Mtu aliyekuahidi wiki moja mahususi miezi mitano kabla amekuuzia kitu ambacho hana.

Kuhusu miji minne, ushauri wangu ni huu: chagua mji mmoja ukae. Anayekaa siku kumi mahali pamoja huyaona maua yakibadilika, ilhali anayehama kila baada ya siku mbili huona vituo vya treni.

Mkulima wa Limuru

Dada ameeleza vizuri, nami niongeze sababu yake, kwa sababu ukiijua sababu utaacha kuiamini kalenda.

Mimi nalima plamu, na mplamu na msakura ni wa jamii moja. Matumba ya maua ya mwakani hutengenezwa mtini tangu kiangazi kilichotangulia, kisha mti hulala. Ili uamke unahitaji kwanza kupitia baridi ya kutosha kwa wiki nyingi, na baada ya baridi hiyo unahitaji joto la kuusukuma. Kwa hiyo tarehe ya kuchanua huamuliwa na mambo mawili: jinsi majira ya baridi yalivyokuwa makali, na jinsi joto linavyopanda mwezi Februari na Machi. Wajapani wana kanuni nyepesi wanayoiita ya nyuzi 600. Ukijumlisha joto la juu la kila siku kuanzia tarehe 1 Februari, jumla ikikaribia 600 maua ya Tokyo huwa yako mlangoni. Hapa Nairobi, ambako mchana wa Februari hufika nyuzi 26 hivi, tungeifikia hesabu hiyo kwa siku 23 tu, lakini msakura ule haungetupa maua yale, kwa kuwa haukupata usingizi wake wa baridi. Hata sisi wakulima wa nyanda za juu tunaopanda matufaha hulazimika kuyapukutisha majani kwa mkono ili kuudanganya mti udhani kwamba umelala.

Jambo lingine linalohusu tarehe ni kwamba aina inayopendwa zaidi, Somei Yoshino, haioteshwi kwa mbegu. Ilitoka kwa wauza miche wa kijiji cha Somei, ambacho sasa ni sehemu ya Tokyo, na tangu hapo imeenezwa kwa kupandikizwa, kikonyo juu ya shina. Miti yote hiyo ni mti mmoja uliorudiwa mara nyingi sana, na ndiyo maana mtaa mzima huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Uzuri wake umo humo, na hatari ya msafiri imo humo pia.

Msafiri wa Ngara

Umefikiria Washington? Dada yangu anaishi Baltimore na nimeyaona ya huko mara mbili. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, aliupa mji huo miti 3,020 mwaka 1912, baada ya shehena ya kwanza ya miti 2,000 kuteketezwa kwa moto mwaka 1910 ilipogundulika kuwa na wadudu na magonjwa. Miti imezunguka ziwa dogo la Tidal Basin, njia ni tambarare, na mtu mzima anaweza kutembea polepole na kupumzika kila anapochoka. Lakini hata huko tarehe huhama: kilele cha mapema kabisa kilikuwa tarehe 15 Machi 1990, na cha kuchelewa kabisa tarehe 18 Aprili 1958.

Mwana wa Umoja

Asante ndugu yangu. Kama isingekuwa barua ile ningelifikiria sana wazo lako, lakini Mama anataka kuyaona mahali ambapo barua ilitoka.

Mzee Barabara ya Ikulu

Mwanangu, nisamehe nikikuuliza bila kuzunguka. Mji wetu huu una mijakaranda ambayo kati ya Septemba na Novemba huutandika zambarau kuanzia Valley Road hadi Barabara ya Ikulu, nayo haina haja ya visa. Wangapi kati yetu wamewahi kuwachukua mama zao na kuketi nao chini ya miti hiyo, badala ya kupita na gari vioo vikiwa vimefungwa? Akiba ya miaka minne ni kitu kikubwa.

Mwana wa Umoja

Mzee wangu, sijaudhika hata kidogo. Neno lako lilinigusa, na Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilimpeleka Mama kwenye bustani ya miti ya Arboretum na tukaketi mpaka saa kumi na moja jioni. Tulipokuwa tumeketi alinisomea barua upya, na ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nimekuwa nikimwelewa vibaya. Yule mwalimu hakuandika kuhusu maua yaliyojaa mtini. Aliandika kuhusu siku ambayo upepo ulivuma akiwa amesimama darajani na maua yakaanguka mtoni hadi maji yasionekane. Mama aliniambia: "Mimi sitaki kuyaona yakifunguka. Nataka kuyaona yakianguka."

Sasa nauliza upya: kama tunalitaka anguko badala ya kilele, tarehe zinabadilika?

Binti South B

Zinabadilika kabisa, na nimefurahi mno kusoma haya, kwa sababu swali la kwanza katika safari ya sakura lilipaswa kuwa hilo: unataka kuyaona katika hatua gani? Wajapani wana neno la karibu kila hatua. Petali zikipeperuka hewani kwa wingi kama theluji husema hanafubuki. Zikitanda juu ya maji na kusukumwa na mkondo huitwa hanaikada, yaani chelezo cha maua. Majani mabichi yakianza kujitokeza katikati ya maua yaliyobaki, mti huitwa hazakura.

Kilele hudumu takribani wiki moja, na mvua au upepo mkali hukifupisha. Kwa wastani wa tarehe 31 Machi, petali za Tokyo huanza kuanguka kwa wingi katika siku za kwanza za Aprili. Ningekuwa wewe ningefika tarehe 30 au 31 Machi na kuondoka tarehe 9 au 10 Aprili. Tuijaribu hesabu hiyo kwa miaka iliyopita. Mwaka 2024 ungekuta kilele tarehe 4 na kuliona anguko kabla ya kuondoka. Mwaka 2025, kilele kilipokuwa tarehe 30 Machi, ungefika siku ile ile na kuliona anguko lote. Mwaka kama 2021 au 2023, kilele kilipokuwa tarehe 22 Machi, ungechelewa kwa Tokyo. Hapo ndipo unapohitaji mlango wa pili.

Mlango huo ni kaskazini. Maua ya Japani hupanda nchi kutoka kusini kuelekea kaskazini: Okinawa huanza Januari kwa aina yake, Tokyo hufuata mwishoni mwa Machi, Sendai mapema Aprili, kisha Hirosaki katika nusu ya pili ya Aprili, na Sapporo mwishoni mwa Aprili au Mei mwanzoni. Kutoka Tokyo hadi Sendai ni kama saa moja na nusu kwa treni ya kasi. Mwaka ambao Tokyo imewahi sana, Sendai nayo huwahi, hivyo katika siku zile zile ungeikuta katika hatua unayoitaka. Acha siku tatu za mwisho bila kuzifunga, na uamue ukiwa huko. Usinunue ile pasi ya treni ya nchi nzima. Tangu Oktoba 2023 pasi ya siku saba ilipandishwa hadi yeni 50,000, na kwa safari ya mji mmoja na nusu haitajilipa.

Mkulima wa Limuru

Naunga mkono. Na usimwahidi Mama siku, mwahidi majuma mawili. Kampuni binafsi za Japani huanza kutoa utabiri mnamo Januari na kuurekebisha kila baada ya siku chache. Soma kila toleo, maana la Januari na la katikati ya Machi huweza kutofautiana sana.

Karani Mstaafu

Niseme kuhusu makaratasi, kwa kuwa naona mnapanga vizuri mambo ya mbinguni na ya ardhini lakini hamjagusa ya mezani.

Visa ya kuingia mara moja Japani kwa kawaida huwa na uhai wa miezi mitatu tangu siku inapotolewa. Maana yake ni kwamba ukiiomba Novemba kwa safari ya mwisho wa Machi, itakufa kabla hujapanda ndege. Tayarisha kila kitu sasa, kisha upeleke maombi ubalozini Upper Hill mwishoni mwa Januari au mapema Februari. Utatakiwa kuonyesha ratiba ya siku baada ya siku pamoja na mahali mtakapolala, taarifa za benki, na uthibitisho wa kazi yako. Kwa kuwa wewe ndiwe unayemgharamia Mama, uonyeshe wazi uhusiano wenu kwa cheti cha kuzaliwa, na uhakikishe kwamba majina katika pasipoti yake yanalingana na yale ya vyeti. Akina mama wengi wa rika lake wana jina la ndoa katika hati moja na la kuzaliwa katika nyingine, na kulirekebisha hilo huchukua muda kuliko visa yenyewe. Lianze wiki hii.

Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa hadi Japani haipo, kwa hiyo mtapitia Addis Ababa, Doha, Dubai au kwingineko. Chagua njia yenye kituo kimoja na mapumziko ya saa zisizopungua tatu, kisha umwombee Mama kiti cha magurudumu unapokata tiketi, hata kama anasema hakihitaji. Nunua tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe. Itakugharimu zaidi, lakini katika safari hii ndiyo bima yako.

Mwana wa Umoja

Karani, umeniokoa. Nimeangalia sasa hivi, na pasipoti ya Mama ina jina la ndoa ilhali cheti changu cha kuzaliwa kina jina la babu. Kesho naanza.

Limebaki suala la magoti. Naona picha za umati mkubwa na ngazi nyingi. Mahali gani ndani ya Tokyo mtu wa umri wake anaweza kufurahia bila kusukumwa?

Binti South B

Bustani ya Ueno ni mahali pazuri lakini ni pa umati, watu huketi juu ya maturubai ya bluu tangu asubuhi mpaka usiku. Kwa Mama ningeanza na bustani ya Shinjuku Gyoen. Kuna kiingilio cha yeni 500, pombe hairuhusiwi, kwa hiyo pana utulivu, na kuna aina nyingi za sakura zinazopishana. Hata Somei Yoshino ikiwa imepukutika, zile zenye petali nyingi huendelea hadi katikati ya Aprili na kupita.

Kwa anguko juu ya maji kuna mahali pawili. Chidorigafuchi ni mfereji mpana ambao petali hutanda hadi ukajaa, na kuna mashua za kukodi, ingawa foleni yake wakati huo ni ndefu. Mto Meguro una miti ipatayo 800 pande zote mbili kwa karibu kilomita nne, na juu yake kuna madaraja mengi madogo. Mama yako alisema darajani. Mpeleke Meguro asubuhi sana, kabla ya saa mbili, wakati wenye maduka wanapofagia petali milangoni mwao, na mtachagua daraja lenu wenyewe. Jioni daima huwa na msongamano.

Na kuna mahali ambapo wageni wengi hupaacha, nami sikupajua mpaka siku yangu ya mwisho: Asukayama. Shoguni (mtawala wa kijeshi wa Japani) Tokugawa Yoshimune alipanda sakura pale katika karne ya 18 na kuwafungulia watu wa kawaida waje waketi. Ni kilima kifupi kando ya stesheni ya Oji, na kuna kigari kidogo cha reli kinachopandisha watu bila malipo, kilichowekwa hasa kwa ajili ya wazee na wasioweza ngazi. Kijiji cha Somei alichokitaja Mkulima kilikuwa karibu na hapo hapo.

Mavazi: usidanganywe na neno machipuko. Usiku wa siku hizo hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna kipindi cha baridi inayorudi ghafla maua yakiwa mtini, hata ina jina lake, hanabie. Mama abebe sweta lile la Julai, shali, na viatu alivyokwisha kuvizoea.

Mwana wa Umoja

Nimeandika mpango mpya na nimemrudishia wakala ratiba yake. Tutafika Tokyo tarehe 30 Machi na kuondoka tarehe 10 Aprili, nyumba moja ya wageni karibu na stesheni yenye lifti kwa usiku nane, na usiku tatu za mwisho ninazoweza kuzifuta bila kutozwa, ziwe za Tokyo au za Sendai. Kyoto tumeiacha. Niliumia kidogo, kwa kuwa nilisoma kwamba kumbukumbu za kuchanua za mji ule zinarudi nyuma zaidi ya miaka 1,200, na kwamba kilele cha tarehe 26 Machi 2021 ndicho kilichokuwa cha mapema kuliko vyote hadi wakati huo. Lakini hii ni safari ya Mama, na Mama anataka daraja moja.

Swali lake la mwisho, ambalo ameniagiza niwaulize kwa adabu: anaweza kuingia Japani na barua yake pamoja na lile ua?

Mkulima wa Limuru

Mwambie Mama shikamoo. Barua abebe. Ua asibebe. Japani ni wakali kuhusu mimea, na hata sehemu ya mmea iliyokaushwa inaweza kutakiwa ikaguliwe na iwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, ambacho kwetu hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Kwa ua moja la miaka arobaini linaloweza kuvunjika mikononi mwa mkaguzi, sioni sababu ya kuliweka hatarini. Lipigeni picha lingali ndani ya Biblia.

Mwana wa Umoja

Nimemsomea. Amenyamaza kidogo, kisha amesema ua libaki nyumbani Umoja, katika Zaburi lilipokuwa siku zote, na barua ataibeba kwenye mkoba wa mkononi. Ameniagiza pia nimtafutie pasipoti yake ya zamani ili tuangalie lile jina.